Mita Moja Kutoka Ukingoni: Baiskeli na Magari Katika Barabara za Dar es Salaam

Anayeanza kuendesha baiskeli Dar es Salaam huambiwa na kila mtu jambo moja: kaa pembeni kabisa. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unawaumiza watu. Sisi tunaokwenda kazini, sokoni na kwenye mizunguko yetu kwa baiskeli, kwenye Barabara za Kilwa, Mandela, Nyerere na Morogoro, tumejifunza kwamba pembeni kabisa ndiko kuliko na mchanga, vipande vya chupa, mifuniko ya mitaro iliyovunjika na lami iliyomegwa na mvua. Na mtu aliyejibana huko, dereva hamhesabu tena kuwa mtumiaji wa barabara. Anampita kana kwamba hayupo.

Tuanze na hiyo lami iliyomegeka, maana wengi hawaijui hatari yake mpaka wawe wameshaanguka. Kati ya lami na udongo hubaki ngazi ya sentimita 5, mahali pengine 10 na zaidi. Honi inapigwa nyuma, mtu anashtuka, anashuka kwenye udongo. Kushuka kwenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kurudi. Gurudumu la mbele linaugusa ukingo likiwa karibu sambamba nao, linakataa kupanda, linaanza kuteleza kuufuata huku mwili umeshaegemea kulia. Usukani haugeuki tena, na baiskeli isiyoweza kugeuzwa usukani haisimami. Mtu anaangukia kulia, juu ya lami, mbele ya gari la pili au la tatu katika msururu. Kwa hiyo ukishashuka, usirudi ukiwa kwenye mwendo. Simama, tazama nyuma, inua gurudumu la mbele ulipandishe, ndipo uendelee. Kama ngazi ni ndogo, ya sentimita 2 hivi, punguza mwendo uikabili kwa kuikata, si kwa kuinyemelea kwa ubavu.

Mahali pazuri pa kuendeshea, barabara inapokuwa na nafasi ya kawaida, ni kama mita moja kutoka ukingo wa lami. Hapo unapata vitu viwili. Kwanza, ukikuta shimo una pa kukwepea upande wa kushoto badala ya kukwepea kulia kwenye magari. Pili, dereva anayetaka kukupita analazimika kuhama kidogo, na dereva akishahama maana yake amekuona. Anayekupita bila kugusa usukani wake huenda hajakuona kabisa.

Kuna sehemu hata mita moja haitoshi, na hapa ndipo ubishi na madereva huanza. Njia moja ya lami kwenye barabara zetu nyingi ina upana wa kati ya mita 3 na 3.5. Chukua mita 3.25. Basi au lori lina upana wa kama mita 2.5 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Mwendesha baiskeli aliyejibana, magurudumu yake yako nusu mita tu kutoka ukingoni, ncha ya usukani wake inafika sentimita 80. Zinabaki mita 2.45. Lori halipiti hapo bila kuvuka mstari, hata ungejibana vipi. Kama kuna gari linakuja upande wa pili, halipiti kabisa. Sasa ukibaki pembeni, unamwonyesha dereva uwazi ambao haupo, naye anaujaribu. Atagundua kwamba hautoshi akiwa ameshafika usawa wako, na hapo anayebanwa ni wewe.

Kwenye daraja jembamba, penye ujenzi, au mahali barabara imeminywa na magari yaliyoegeshwa, shika katikati ya njia yako kabla hujafika kwenye mbano, si baada ya kufika. Geuza kichwa utazame nyuma kwa kitu kama mita 30 kabla, nyoosha mkono wa kulia, sogea kidogo kidogo. Kuna atakayepiga honi. Mwache apige. Honi yenyewe inakuhakikishia kwamba umeonekana. Mbano ukiisha, rudi kushoto na umpishe mara moja, na ukiinua kiganja kumshukuru, safari yake nzima itakuwa na amani zaidi kwa baiskeli atakazozikuta mbele. Huo ndio wajibu unaokwenda na haki hiyo: njia huchukuliwa mahali pa hatari tu, na hurudishwa hatari ikiisha. Anayelimbikiza foleni ya magari kwa nusu kilomita wakati pembeni kuna bega pana la lami anatuharibia wote.

Wapo madereva wanaoamini kwa dhati kwamba barabara ni ya vyombo vya moto na baiskeli imeruhusiwa kwa huruma. Si hivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikuifukuza baiskeli barabarani. Inaihesabu kuwa chombo, na chombo kina haki na masharti. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unakwenda mbali zaidi: unapoeleza dereva ni nani, unamtaja na anayeendesha baiskeli. Mkataba huohuo unamkataza mwendesha baiskeli kuachia usukani kwa mikono yote miwili, kujiburutisha kwa kushikilia gari, na kubeba mzigo unaomzuia kuendesha vizuri au unaohatarisha wengine. Tunayasema haya pamoja kwa makusudi. Kijana anayedandia bomba la nyuma la lori kwenye mlima wa Kimara ili avutwe hana la kumjibu dereva anayesema baiskeli hazina adabu.

Kuhusu kupitwa: nchini Uingereza mwongozo wa barabarani uliofanyiwa marekebisho Januari 2022 unamtaka dereva aache angalau mita 1.5 anapoipita baiskeli, na zaidi akiwa kwenye kasi kubwa. Ujerumani iliweka mita 1.5 mijini na 2 nje ya miji mwaka 2020. Tunapendekeza kila dereva wa kwetu aishike hiyo mita moja na nusu, na sababu yake si adabu tu. Baiskeli hainyooki kama reli. Kila pedali inapokanyagwa inayumba kidogo, ikikuta jiwe inayumba zaidi, na mtu anayeanguka kwa ubavu anafunika zaidi ya mita moja ya lami. Gari kubwa likipita kwa kasi, upepo wake unakusukuma nje kwanza, kisha mkia wake unakuvuta ndani. Waliozoea Barabara ya Morogoro nje ya mji wanaujua mvuto huo. Ukisikia semitrela inakuja, kunja viwiko, shika usukani kwa uimara bila kuukaza, usikanyage breki ghafla, na usianze kupiga pedali kwa nguvu mpaka mkia wake uwe umepita.

Hakuna kitu kinachotutia wasiwasi kama semitrela inayokata kushoto. Jiji hili lina bandari ndani yake, na malori ya makontena yanapita Mandela na Kilwa usiku na mchana. Semitrela ikitaka kuingia kushoto, kichwa chake hutanua kulia kwanza ili kipate nafasi. Ubavuni mwake, upande wa kushoto, kunafunguka uwazi mkubwa unaokaribisha. Mwendesha baiskeli, na bodaboda vilevile, anaona foleni imesimama na kuna njia; anaingia. Kisha kichwa kinageuka kushoto, na tela haifuati alama za kichwa. Magurudumu ya nyuma yanakata kona kwa ndani, yanausogelea ukingo taratibu, mpaka ule uwazi wote unakwisha. Dereva yuko juu, upande wa kulia, na kioo chake cha kushoto wakati huo kinaonyesha ubavu wa tela tu. Hata utingo akichungulia, anatazama mtaro na nguzo.

Kanuni yetu haina msamaha: hatuingii kushoto kwa lori au basi karibu na makutano, kituo cha mafuta, geti la ghala au mahali popote linapoweza kukata, liwe limewasha indiketa au halikuwasha. Tunasimama nyuma yake, mita 4 au 5, upande ambao tunakiona kioo. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hawezi kukuona. Lori likija kusimama kando yako wakati wewe ulikuwa umetangulia kwenye taa, usibaki hapo. Sogea mbele mpaka dereva akuone kupitia kioo cha mbele, ukiwa zaidi ya mita 3 kutoka pua yake, maana chini ya pua hiyo pia hapaoni. Kama huwezi kusogea, shuka, kisha panda kwenye ukingo na baiskeli yako.

Kwa dereva wa gari dogo, kosa la aina hiyo ni kuipita baiskeli halafu kukata kushoto mbele yake. Anadhani ameshaiacha mbali. Baiskeli ya kawaida inakwenda kilomita 15 kwa saa, yaani zaidi ya mita 4 kwa sekunde. Ukiipita ukapunguza mwendo kwa sekunde 3 ili ukate, imeshasogea mita 12 na iko ubavuni mwako. Kama kona yako iko karibu, ngoja nyuma yake. Utapoteza sekunde chache.

Daladala nazo zina tabia yake. Inachomoka kutoka njia ya kati, inachomekea kituoni, mlango unafunguka kabla haijasimama. Kupita kati ya daladala na ukingo ni kumgonga abiria anayeshuka, na hapo mwenye kosa ni wewe, hakuna ubishi. Ukiiona imepunguza mwendo kuelekea kituoni una machaguo mawili: kusubiri nyuma yake, au kuipita kwa kulia ukiwa na nafasi ya mita moja kutoka ubavuni mwake na umeshatazama nyuma. Tazama magurudumu yake ya mbele, usitazame indiketa. Gurudumu likianza kugeuka kulia, inaondoka. Konda akipiga bodi huku anakimbilia mlangoni, inaondoka.

Kukata kulia kwenye barabara ya njia nne kuna namna mbili zinazofaa. Ya kwanza ni ya anayeweza: kuanzia mita 50 kabla, unatazama nyuma, unanyoosha mkono wa kulia wote, si kidole, unahamia njia ya pili magari yakikupa nafasi, unatazama tena, kisha unakaa tayari kukata. Unatazama mara mbili kwa sababu dereva wa njia ya kwanza anaweza kukuruhusu, na wa njia ya pili asijue kinachoendelea. Namna nyingine ni kunyooka mpaka ng'ambo ya makutano, kusimama kwenye kona ya mbali, kugeuza baiskeli na kusubiri taa ya upande huo. Au shuka tu, vuka kwenye zebra ukiisukuma. Wakati unaisukuma, wewe ni mtembea kwa miguu na dereva anapaswa kukusimamia. Ukivuka zebra umekaa juu ya kiti kwa kasi, dereva hapati muda wa kukuona, na wanaovuka kwa miguu wanakukuta mbavuni mwao. Kwenye kipilefti wape njia wanaotoka kulia kwako, kisha ukiingia shika katikati ya njia. Ukizunguka pembezoni, kila gari linalotoka litakukata.

Kuna imani moja iliyoenea sana kuanzia mijini hadi vijijini, kwamba ni salama zaidi kuendesha upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Kwa mtembea kwa miguu ni sawa. Kwa baiskeli ni hatari tupu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kwenye makazi, likiikuta baiskeli ya kilomita 15 inayokuja kinyume, vinakaribiana kwa kilomita 65. Vikienda upande mmoja, linaisogelea kwa kilomita 35 tu. Maana yake muda wa dereva kuona na kuhama unapungua karibu nusu. Na dereva anayetoka barabara ya mtaani kuingia kushoto kwenye barabara kuu hutazama kulia kwake tu, kwa sababu magari yanatoka huko. Wewe unamjia kutoka kushoto. Hakutazami, wala hana sababu ya kukutarajia.

Njia za mabasi ya mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro, yaliyoanza kazi mwaka 2016, si za baiskeli, hata zikiwa tupu kwa dakika kumi. Basi lile linakuja kimya na dereva wake hategemei mtu. Pembeni kuna njia ya baiskeli iliyojengwa pamoja na mradi, na ingetufaa sana kama isingegeuzwa kijiwe cha bodaboda na meza za biashara. Wenzetu wa Umma wa Wapanda Baiskeli, UWABA, wamekuwa wakidai njia za namna hiyo kwa miaka, na wana haki. Lakini hata ikiwa wazi, angalia sana mahali njia hiyo inapokatwa na mtaa. Hapo gari linaingia kwa kasi ya barabara kuu, na dereva amekusahau kwa sababu hukuwa kwenye lami yake.

Usiku, baiskeli isiyo na taa haina haki yoyote inayoweza kuilinda. Kwa kasi ya kilomita 50 gari linakula mita 14 kila sekunde. Dereva mzima, macho makavu, anahitaji kama sekunde moja kuitikia na mita nyingine 14 hivi kusimama kwenye lami kavu. Jumla ni karibu mita 28, na mtu mwenye shati jeusi mbele ya taa zilizoinamishwa anaweza kuonekana kwa kuchelewa zaidi ya hapo, hasa kama gari la mbele limewasha taa kubwa. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kiakisi mwanga chekundu nyuma, na viakisi vya njano kwenye pedali. Hivyo vya pedali watu huvidharau, lakini ndivyo vinavyopanda na kushuka, na dereva akiona vimulimuli vinavyopanda na kushuka anajua papo hapo kwamba ni baiskeli.

Kwa wabeba mkaa, maziwa na nazi kuna jambo la ziada. Gunia likikaa kwenye keria linaning'inia nyuma na kuifunika taa pamoja na kiakisi chake. Baiskeli ina kila kitu na haionekani. Taa ifungwe kwenye mzigo wenyewe, upande wa nyuma, kwa kamba ya mpira, na utepe unaong'aa ushonwe kwenye turubai au gunia la juu, vipande viwili vilivyoachana ili dereva aone upana wa mzigo. Mzigo mzito uwe chini na karibu na kiti. Ukikaa juu na nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unaanza kucheza, na kwenye mlima baiskeli inanyanyua pua.

Breki pia hubadilika. Baiskeli zile nzito za rimu za chuma zenye breki za fito hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake rimu zikilowa. Mvua ikianza, gusa breki kidogo kidogo ukiwa bado unatembea ili raba zifute maji, na anza kupunguza mwendo mara mbili mapema kuliko kawaida. Kagua raba kila wiki: zikibaki milimita 3 badilisha, zikigusa tairi badala ya rimu zirekebishwe siku hiyohiyo, maana zitalichana tairi ubavuni. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Anayeiogopa na kuifungua kabisa, kama baadhi ya mafundi wanavyoshauri, anajiongezea umbali mrefu wa kusimama. Itumie pamoja na ya nyuma, ukisogeza mwili nyuma.

Kwa dereva aliyeegesha, lipo jambo dogo la kujifunza. Gari letu lina usukani kulia, na mlango wa dereva unafungukia barabarani. Ufungue kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ukivuka kwenda mlangoni, kifua na kichwa vinageuka vyenyewe na macho yanafika nyuma. Mlango ukifunguka wote unachukua karibu mita moja, ndiyo maana nasi tunapita magari yaliyoegeshwa kwa umbali huo. Abiria wa teksi wanaoshuka upande wa kushoto kwenye foleni waambiwe watazame kabla, kwa sababu huko ndiko tunakopita.

Ikitokea ajali, mara nyingi mwendesha baiskeli huinuka haraka, anaona haya, anajipangusa, anapewa noti mbili za kumaliza mambo na kuondoka. Usikubali kumalizana hapo. Maumivu ya mbavu, damu inayovuja tumboni na mshtuko wa kichwa vinaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, wakati gari limeshakwenda. Namba ya gari kwanza, kabla ya kitu kingine, ipigwe picha au mtu aiandike. Kisha picha za mahali vyombo vilipolala, alama za breki, taa zako, na stika ya bima. Namba za simu za mashahidi wawili wasio jamaa zako. Polisi wapigiwe 112. Dereva anapaswa kusimama na kutoa taarifa. Akiondoka, hilo ni kosa jingine juu ya lile la kwanza. Majeruhi aliye hoi apelekwe hospitali moja kwa moja, mwingine afuatilie PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kituoni. Anayeweza kutembea aichukue mwenyewe kabla ya matibabu, kwa sababu daktari huandika majeraha humo na bila hiyo madai hukwama.

Gari na pikipiki lazima viwe na bima ya angalau mtu wa tatu, na mtu wa tatu huyo ni pamoja na wewe juu ya baiskeli. Bima hiyo ipo kwa ajili ya kifo na majeraha, wala haihitaji uwe na leseni au kadi ya chombo. Hifadhi risiti zote, za dawa, za nauli ya kwenda kliniki, za fundi. Baiskeli usiitengeneze kabla haijapigwa picha na kuonwa na askari anayeshughulikia jalada, hata kama ndiyo inayokuingizia riziki na unaihitaji kesho asubuhi. Uma uliopinda na rimu iliyobonyea vinaonyesha uligongwa kutoka upande gani, na dereva akibadilisha maelezo yake baada ya wiki, chuma hicho ndicho kitakachomjibu.